Tulipiga marufuku shubiri kabla ya kuijua

Kitu kikiwa kichungu kupita kiasi, Kiswahili kina jibu tayari: chungu kama shubiri. Sasa nikuulize, hiyo shubiri umewahi kuiona? Wengi wetu tumeiona na hatujui kama tumeiona. Ni ule utomvu wa manjano unaochuruzika ukikata jani la mshubiri, mmea ambao mtaani tunauita alovera na kumaliza maneno.

Leo nataka tuongee kuhusu huo mmea, na posti ni ndefu, kwa hivyo kaa na chai yako. Najua mbogi yangu siku hizi mko na mimea kwenye balkoni. Ukipita pale wauza maua wa kando ya barabara, wanakuitia sakulenti, yaani mimea ya majani manene au shina nene linaloweka maji. Zinapendeza, hazisumbui, ukisahau kumwagilia wiki mbili hazinuni. Lakini nyingi za hizo tunazopiga picha asili yake ni Meksiko, Afrika Kusini au Madagaska. Zetu ziko kule Baringo, Samburu, Kitui na Kilifi, na hatuna habari nazo.

Hoja yangu ni moja, na ukibisha tutabishana. Mwaka wa 1986 Kenya iliamua kulinda mishubiri yake kwa amri moja kutoka juu. Sayansi ambayo ingeipa hiyo amri meno, nyingi ilikuja baadaye. Aliyeumia katikati ni mama wa nyanda kavu aliyekuwa na ndoo ya utomvu, na mmea wenyewe.

Ile ya kwenye chupa si yetu

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Aloe ni jina la jenasi nzima, kama vile unavyosema "paka" ukimaanisha familia yote, kuanzia nyau wa nyumbani hadi simba. Ndani ya hiyo jenasi kuna spishi zaidi ya 500, karibu zote za Afrika, Madagaska na Uarabuni. Aloe vera ni spishi moja tu kati ya hizo zote. Ndiyo hiyo unayoona kwenye losheni, shampuu na juisi za supamaketi.

Mwaka wa 2015 timu ya watafiti iliyoongozwa na Olwen Grace wa bustani ya Kew, London, ilichapisha utafiti wa ukoo wa mishubiri. Walilinganisha chembe za urithi za spishi nyingi ili kujua nani ni ndugu ya nani. Waligundua kwamba Aloe vera ina jamaa zake wa karibu huko rasi ya Uarabuni. Tena wakaona kitu kingine: spishi ambazo watu huzitumia kama dawa mara nyingi ni zile zenye majani manene zaidi. Kuhusu umaarufu wa Aloe vera duniani, walisema si lazima utokane na mmea huo kuwa na nguvu kuliko ndugu zake. Ilikuwa karibu na njia za biashara za zamani, basi. Ilibahatika kuzaliwa karibu na bandari.

Kenya peke yake ina zaidi ya spishi 50 za mishubiri. Kuna mifupi isiyofika magotini na kuna ile inayotambaa vichakani. Kule upande wa Taita kuna Aloe ballyi, ambayo ni mti kabisa, mrefu kuliko nyumba ya mabati. Na hiyo Aloe ballyi usiisogelee na glasi ya juisi, tafadhali. Ina sumu ya aina moja na ile ya mmea maarufu wa sumu wa Ulaya, hemloki, ule unaosemekana kumuua Socrates. Ikikatwa inanuka kama panya. Kwa hivyo mtu akikuambia "alovera yoyote ni dawa", mwambie polepole ajaribu kutofautisha kwanza.

Jina lilikuja na jahazi

Mimi hupenda kuangalia maneno yanakotoka. Shubiri imetoka kwa Kiarabu, sabr. Na neno subira, lile la "subira huvuta heri", limetoka kwa mzizi huohuo. Kwa Kiarabu utomvu mchungu na uvumilivu vinaandikwa kwa herufi zilezile tatu. Ukishaonja shubiri utaelewa mbona.

Neno hilo linaonyesha njia ya biashara. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, ambacho kinataja shubiri na ubani zikisafirishwa kutoka pwani ya kusini mwa Uarabuni, eneo la Yemen ya leo. Kitabu hichohicho ndicho kinachoeleza pwani yetu ya Afrika Mashariki, wakati huo ikiitwa Azania. Yaani watu waliopita hapa kutafuta pembe za ndovu walikuwa wanajua bei ya shubiri miaka karibu 2,000 iliyopita. Kisiwa cha Sokotra, kilicho kati ya Yemen na Somalia, kilipata sifa duniani kwa sababu ya utomvu huo.

Lakini bara hakukuwa na haja ya kungoja jahazi. Waluo wanaita mshubiri ogaka. Wakamba wanaita kiluma. Wamaasai wanasema osuguroi, na ndugu zao Wasamburu wanasema sukuroi. Wakipsigis wanasema tangaratwet. Waturkana wanasema echuchuka. Susu wangu kule Kitui bado anakatakata kiluma na kuweka kwenye maji ya kuku wakianza kuzubaa. Ukimuuliza ni spishi gani atakuangalia kwa huruma. Yeye anajua ule wa pale kwenye mawe na ule wa kando ya lugha, na anajua ni upi mkali zaidi.

Huo ni ujuzi. Haukuandikwa, basi. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu mambo ya serikali hufuata karatasi.

Watu wa karatasi

Karatasi ilianza kuandikwa na wageni. Mwaka wa 1895 Mwingereza aliyeitwa Rendle aliupa mshubiri mmoja wa pwani jina Aloe rabaiensis, kutokana na Rabai, kule Kilifi. Tangu hapo ukisoma orodha ya mishubiri yetu ni kama kupanda matatu inayozunguka nchi nzima: kilifiensis, ngongensis, nyeriensis, kedongensis, elgonica, turkanensis, tugenensis. Mtu anayejua jiografia ya Kenya anaweza kusoma hizo Kilatini bila kwenda darasani.

Kwenye orodha hiyo kuna pia majina ya watu. Ballyi ni ya Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea kwenye jumba la makumbusho la Coryndon hapa Nairobi, ambalo leo ni makumbusho yetu ya kitaifa. Mwaka wa 1937 alichapisha orodha ya mimea ya dawa na sumu ya Afrika Mashariki. Bila wenyeji wa kumwambia huu unatibu nini na huu unaua nini, orodha kama hiyo haiandikiki. Mwaka uliofuata alioa mwanamke kutoka Austria, akampa jina la utani Joy, na akamtia moyo achore mimea. Ndiyo, ni yule Joy ambaye baadaye aliolewa na George Adamson na kuandika kuhusu simba Elsa. Kabla ya simba kulikuwa na maua.

Mwingine ni Gilbert Reynolds. Huyu kazi yake ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani huko Afrika Kusini. Mishubiri ilikuwa mapenzi yake ya kando hadi ikameza maisha yake yote. Alizunguka Afrika kwa gari akiifuata, na mwaka wa 1966 akatoa kitabu kikubwa kuhusu mishubiri ya Afrika ya kitropiki na Madagaska. Ndiye aliyeupa ule mti wa Taita jina la Bally, mwaka wa 1953.

Sasa, mbona kazi hii ilichukua muda mrefu hivyo? Sababu moja ni ya kuchekesha. Mtaalamu wa mimea akitaka ushahidi, huchukua tawi, hulikandamiza katikati ya karatasi za gazeti, hulikausha na kulibandika kwenye karatasi ngumu. Hiyo ndiyo sampuli, na sampuli hukaa kwenye hebaria, jumba la kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Tanzania, wakati wa Wajerumani, na mwaka wa 1950 ikahamishiwa Nairobi, ndani ya uwanja huohuo wa makumbusho. Iko pale hadi leo na ina mamia ya maelfu ya sampuli.

Lakini mshubiri haukubali kukaushwa. Ukiuweka kwenye magazeti unaendelea kuishi. Unaweza kurudi baada ya wiki kadhaa ukute unajaribu kutoa ua. Ili uufanye sampuli lazima upasue majani, ukwangue ute wa ndani, na wengine huchemsha kabisa. Ukiwa msituni na gari limejaa na mvua inakaribia, utachagua kuchukua nyasi. Ndiyo maana mimea minene imekusanywa kidogo kuliko mingine karibu kila mahali duniani. Kile kinachoufanya uishi kwenye ukame ndicho kilichoufanya usijulikane.

Unavyoishi pasipo maji

Hapa nivumilie kidogo na sayansi, kwa sababu bila hii hutaelewa kilichofuata.

Mmea wa kawaida hufungua vitundu vya majani yake mchana ili uvute hewa ya kaboni na kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ile usanisinuru ya darasani. Shida ni kwamba kitundu kikiwa wazi mchana, maji nayo yanatoka. Kule Lodwar hiyo ni kama kuacha bomba wazi usiku kucha.

Mshubiri ulipata ujanja mwingine. Unafungua vitundu usiku, kukiwa na baridi, unavuta hewa ya kaboni na kuihifadhi ndani ya jani kama asidi. Asubuhi unafunga kila kitu, kisha unatumia ile akiba polepole jua likiwaka. Mimea mingi minene hufanya hivi. Na dalili za kwanza za jambo hili zilipatikana kwa ulimi: mwaka wa 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, aliyekuwa India, akieleza kwamba jani la mmea mmoja mnene lilikuwa chachu sana asubuhi, na kufikia alasiri limepoteza uchachu wake. Jamaa alikuwa anatafuna majani tu saa tofauti tofauti, na akagundua kitu ambacho wanasayansi walihitaji zaidi ya miaka 100 kukielewa.

Ujanja huu una gharama. Mmea unaobana matumizi hivi haukui haraka. Ukikata majani yote ya mshubiri wa porini leo, usitegemee kuukuta umejaa tena msimu ujao kama sukumawiki. Shika hapo.

Ndoo, moto na amri

Jani la mshubiri lina vitu viwili. Ndani kabisa kuna ute mweupe usio na ladha kali, ndio unaowekwa kwenye losheni. Chini tu ya ngozi kuna ule utomvu wa manjano, mchungu, wenye kemikali inayoitwa aloini, ambayo wakemia wa Edinburgh waliitenga mwaka wa 1851. Utomvu huu huharisha vibaya, na kwa karne nyingi uliuzwa duniani kama dawa ya kufungua tumbo. Mwaka wa 2002 Marekani iliondoa dawa za aina hiyo kwenye orodha ya zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa. Hata hivyo soko la dunia halikuisha, kwa sababu utomvu una kazi nyingine kwenye dawa na vipodozi.

Soko hilo lilifika Kenya. Kule Baringo, Laikipia, Samburu, Turkana na sehemu za pwani watu walianza kukata majani ya porini, kuyapanga yakiinamia beseni ili yachuruzike, kisha kuchemsha utomvu hadi ugande. Madalali walikuja kununua. Walioufanya mkato mara nyingi walikuwa watu ambao ukame ulikuwa umewamalizia mifugo. Pesa yao ilikuwa ndogo, na ile nono ilikuwa mbele ya safari, kama kawaida ya utomvu, kahawa na kila kitu kinachotoka shambani kwetu.

Mwaka wa 1986 Rais Moi akatoa amri: ni marufuku kuvuna mishubiri ya porini kwa biashara. Anayetaka kuuza apande.

Kwa karatasi hiyo ni sawa kabisa. Lakini jiweke kwenye viatu vya askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani. Lori limesimama, lina madebe ya kitu cheusi kilichoganda. Atajuaje kama kimetoka shambani au porini? Atajuaje ni spishi gani, ile iliyojaa kila mahali au ile iliyobaki kwenye kilima kimoja? Utomvu ukishachemshwa hauna majani wala maua. Na mashamba ya mishubiri yenyewe yalikuwa machache mno. Biashara haikufa. Ilihamia gizani, ambako mvunaji hana risiti wala uwezo wa kubishana bei. Amri ilimwacha dalali palepale, na ikampa sababu nyingine ya kulipa kidogo: "unajua hii ni haramu, mama, nakusaidia tu."

Vitabu vilikuja baadaye

Sasa angalia tarehe, kwa sababu tarehe ndizo zinanikera.

Amri ilitoka 1986. Ni kweli kitabu cha Reynolds kilikuwepo tangu 1966, lakini kilikuwa kikubwa, cha wataalamu, na spishi kadhaa zetu zilikuwa hazijaandikwa. Ule wa milima ya Tugen, Aloe tugenensis, ulipewa jina mwaka wa 1990, na mmoja wa walioupa jina ni Leonard Newton, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Yaani mshubiri wa Baringo, eneo lililovunwa sana, ulipata jina la kisayansi miaka minne baada ya kupigwa marufuku.

Mwaka wa 1994 Susan Carter wa Kew alitoa sehemu ya mishubiri katika Flora of Tropical East Africa, ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi hiyo ilianza 1948 na ilimalizika 2012, ikiwa na spishi 12,104. Hiyo ni miaka 64. Mtu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi na kustaafu, orodha bado inaandikwa. Siwacheki. Nakuonyesha tu ukubwa wa nyumba tunayoishi.

Mwaka wa 2006 Emily Wabuyele, mtafiti Mkenya, pamoja na wenzake akiwemo Newton, walichapisha utafiti kuhusu mishubiri ya Kenya: iko wapi, ni mingi kiasi gani, na ni ipi iko hatarini. Hiyo ni miaka 20 baada ya amri. Ndiyo aina ya ramani ambayo ungetaka iwe mezani kabla ya kuandika sheria. Kanuni zenyewe za kusimamia mishubiri, zinazosema nani anaweza kuvuna, kupanda na kuuza kwa kibali cha KWS, zilitoka 2007.

Halafu kuna ule utafiti ninaoupenda kuliko yote. Mwaka wa 2008 Elizabeth King na Maureen Stanton walichapisha matokeo yao kutoka nyanda kavu za Kenya zilizolishwa kupita kiasi hadi udongo ukabaki uchi. Walitaka kujua kama mishubiri inaweza kusaidia nyasi kurudi. Jibu lilikuwa ndiyo. Mahali penye mishubiri nyasi zilipata nafasi ya kuota na kukua, kwa sababu mmea huo wenye miiba unakinga miche na midomo ya mbuzi, na pale chini yake udongo na mbegu vinanaswa badala ya kusombwa.

Soma hiyo tena. Mmea tuliokuwa tukiuhesabu kwa ndoo za utomvu ni mlinzi wa nyasi. Ukiung'oa, hupotezi mshubiri peke yake. Unapoteza nyasi zilizokuwa zimejificha kwake, na ng'ombe wa mwaka ujao. Mfugaji mwenye jicho anaweza kuwa aliona hilo zamani, lakini mwaka wa 1986 amri haikuwa na njia ya kumuuliza.

Upande wa pili, na nauheshimu

Kuna mtu ataniambia: bila amri ya 1986, labda leo kusingekuwa na mshubiri wowote wa kuongelea. Hoja hiyo siitupi. Kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mishubiri yote ya porini imewekewa masharti ya kibali. Iliyoachwa nje ni ile Aloe vera tu, ambayo tayari inalimwa kote. Dunia nzima iliona hatari, si Moi peke yake. Tena serikali haiwezi kungoja miaka 64 orodha ikamilike ndipo ichukue hatua. Wakati mwingine unafunga mlango kwanza halafu unahesabu vitu vilivyomo.

Sawa. Lakini ukifunga mlango, hesabu basi. Kilichotushinda ni miaka 20 ya kufunga bila kuhesabu. Hatukuwapa watu wa Baringo na Samburu miche ya spishi zao mapema. Hatukuwafundisha askari. Kiwanda cha shubiri kilijengwa Koriema, Baringo, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, miaka mingi baada ya amri, kwa wazo kwamba wakulima wapande na biashara ifanywe mchana. Wazo hilo lingekuwa la 1987.

Na wakati sisi tunakimbizana na ndoo, mkulima wa ng'ambo alipanda Aloe vera, akaweka kwenye chupa, akatuuzia. Leo tunapaka losheni ya mmea wa Uarabuni uliolimwa mbali huku kiluma kikiota nyuma ya choo cha ushago.

Sheria ya sasa ni bora, lazima niseme. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaipa serikali jukumu la kulinda ujuzi wa asili wa jamii kuhusu viumbe na mimea. Mwaka wa 2016 tukapata sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Pia kuna mkataba wa Nagoya, ambao Kenya iko ndani, unaosema kampuni ikichukua mmea wako na kutengeneza pesa, lazima mgawane faida. Lakini ili udai mgao lazima uonyeshe mmea ni upi, unatoka wapi, na nani aliujua kwanza. Bila hayo, wakili wako anaenda kortini na stori tu. Tumerudi palepale pa karatasi.

Kwa hivyo tufanye nini

Sikuambii uende Kitui na jembe. Tena ukiona mshubiri wa porini, uache hapo hapo. Kuung'oa ili uupeleke balkoni ni kosa kisheria, na mmea wenyewe umetumia miaka kufika ulipo. Kama unataka wa nyumbani, nunua uliooteshwa kwenye kitalu, na umuulize muuzaji ameutoa wapi. Akikwepa swali, peleka pesa yako kwingine.

Kitu ambacho kizazi chetu kinacho, na Bally hakuwa nacho, ni simu. Sampuli ya mshubiri ni ngumu kukausha, lakini picha haihitaji kukaushwa. Piga picha ya mmea mzima, jani kwa karibu likionyesha miiba, na ua kama lipo, kwa sababu ua ndilo linalotofautisha spishi nyingi. Pandisha kwenye iNaturalist, ambako watu wanaojua mimea watakusaidia kuutambua. Kama ni wa nadra, ficha mahali ulipo, maana wezi wa mimea nao wana intaneti.

Na kuna kazi moja ambayo hakuna mtaalamu wa Kew atakufanyia. Ukienda ushago Desemba hii, muulize shosho au guka mnauitaje kwenu, upo wa aina ngapi, ulikuwa unatumika kwa nini, na ulikuwa unaota wapi ambapo siku hizi hauoti. Hilo swali la mwisho ni la maana kuliko yote. Kumbukumbu ya mzee kuhusu kilima kilichokuwa na mishubiri mwaka wa 1970 ni data ambayo hakuna hebaria inayo, na mzee hatakuwepo milele. Rekodi sauti kwa ruhusa yake, andika jina lake kando ya jina la mmea, na uweke mahali familia yote itaipata.

Nimeanza na kiluma. Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kwa susu kiluma si kimoja. Nimeandika viwili, na ananiambia kuna cha tatu ng'ambo ya mto, chenye madoadoa, ambacho hajakiona tangu barabara ilipopanuliwa.